Mwongozo kamili: venye utaongoza utetezi wa afya ya mama na mtoto kwa wadi yako hapa Nairobi

Wacha nianze na namba kidogo, juu ndizo zinaamua kila kitu kinachofuata. Mwaka wa 2014 utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu, KDHS, ulipata watoto 52 kati ya kila 1,000 wanaozaliwa hai wanafariki kabla ya kufikisha miaka mitano, na ule wa 2022 ukapata 41. Hapo tumesonga, hakuna ubishi. Sasa angalia wale wanaofariki kabla hata mwezi wa kwanza haujaisha: 2014 walikuwa 22, 2022 ni 21. Miaka nane na ni kama tumesimama palepale. Kwa akina mama, sensa ya 2019 ilipata vifo 355 kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai, na lengo la dunia ambalo Kenya pia iliweka sahihi ni chini ya 70 ifikapo 2030.

Na si ati akina mama wanakataa kwenda hospitali. Huo utafiti wa 2022 unasema 82% ya watoto walizaliwa kwa hospitali ama kituo cha afya. Mama anatoka kwa nyumba, anatafuta boda usiku, anafika. Shida kubwa iko kwa kile anakipata akifika, na kwa masaa yanayopotea kati ya geti moja na lingine. Ndio maana huu mwongozo hautakuambia uzunguke mtaani ukiwafundisha akina mama umuhimu wa kliniki, hio ni kazi nzuri na wahudumu wetu wa afya ya jamii, wale tunaita CHP, wanaifanya kila siku. Utetezi ni kugeuka upande ule mwingine, uende kwa mwenye ufunguo wa stoo, mwenye kupanga zamu za wauguzi, mwenye kupitisha bajeti, umwambie kitu kinachokosekana na ukae hapo mpaka kipatikane.

Nitatumia mfano mmoja mpaka mwisho ili usipotee: kituo cha afya cha mtaa ambacho leba yake inafungwa jioni, na mama akishikwa na uchungu usiku inabidi avuke mji. Wewe badilisha mfano na shida yenu, hatua ni zilezile.

HATUA YA 1: Tafuta masaa yanapotelea wapi

Usianze na semina. Anza na akina mama wanane ama kumi waliojifungua ndani ya mwaka mmoja uliopita, mkae kwa plot ya mmoja wao mchana penye watoto wanaeza kulala na mtu anaeza kunyonyesha bila kuangaliwa, chai iwepo, na wanaume wasikuwe kwa hicho kikao cha kwanza. Kuja na karatasi ya manila na kalamu ya maka. Kila mama muulize maswali ya saa tu: uchungu ulianza saa ngapi, mliamua kutoka saa ngapi, usafiri ulipatikana saa ngapi, mlifika geti la kwanza saa ngapi, nani alikuangalia na saa ngapi. Usimuulize "ulijiskiaje" kwanza. Atakuambia mwenyewe, na akianza kulia wacha kalamu chini umskize mpaka amalize.

Karatasi inaeza kutoka hivi. Uchungu saa mbili usiku. Boda saa nne kasorobo, juu wa kwanza aliogopa kubeba mtu wa leba. Kituo cha karibu saa nne, geti imefungwa, askari anasema kuja asubuhi. Kituo cha pili saa tano, muuguzi yuko lakini mtoto amekaa vibaya na hakuna wa kufanya upasuaji, ambulensi inaitwa. Hospitali kubwa saa nane usiku. Hapo masaa sita yameenda na mama hajaguswa na mtu anayeeza kumsaidia kikamilifu. Wataalamu wawili, Thaddeus na Maine, waliandika 1994 kuhusu kuchelewa kwa aina tatu: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, na kuchelewa kupata huduma ukishafika. Chora mistari ya rangi tatu kwa hio karatasi yako utaona wenyewe ni wapi mnaumia. Mtaa mmoja utakuta ni kuamua, mama mkwe ama mzee wa nyumba ndiye anasubiriwa atoe ruhusa ama pesa. Mwingine kama sehemu za Mukuru ni barabara, gari haiingii mpaka ndani usiku. Mwingine ni kituo chenyewe.

Alafu kata. Kutoka kwa hio karatasi chagua kitu KIMOJA ambacho mtu mmoja anaeza kukisaini. "Tunataka huduma bora za afya" hakuna afisa duniani atakataa hio, na hakuna atakayeifanya. "Tunataka leba ya kituo chetu ifunguliwe masaa 24 kuanzia Julai" hio ina geti, ina tarehe, na mtu anaeza kuulizwa baadaye kama aliifanya ama hakuifanya.

HATUA YA 2: Jua ni mlango wa nani

Hapa watu wengi wanachoka bure, wanaenda kulilia mbunge juu ya zahanati na mbunge hana mamlaka nayo. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liliweka vituo vya afya vya kaunti, ambulensi na afya ya msingi chini ya kaunti. Serikali ya kitaifa imebaki na sera, hospitali kuu za rufaa kama Kenyatta, na mambo ya bima ya afya ya SHA. Kwa hivyo leba ya mtaa, Pumwani, Mama Lucy Kibaki, Mbagathi, hizo zote ni mambo ya City Hall.

Ngazi inaenda hivi: msimamizi wa kituo, kamati ya kituo (kila kituo kinafaa kuwa nayo na ndani kuna wakazi, uliza ni kina nani utashangaa pengine ni jirani yako), daktari msimamizi wa afya wa kaunti ndogo ambaye kila mtu anamuita MOH, afisa mkuu wa afya na waziri wa afya wa kaunti pale City Hall, na kando yao bunge la kaunti lenye kamati yake ya afya. Nairobi ina kaunti ndogo 17 na wadi 85, kwa hivyo MCA wako, yaani mwakilishi wa wadi kwa bunge la kaunti, ni mmoja kati ya wengi na kura yake peke yake haitoshi, lakini ndiye anaeza kusimama bungeni aombe taarifa kutoka kwa mwenyekiti wa kamati ya afya na swali lenu likaingia kwa rekodi.

Usiruke ngazi. Ukienda kwa waziri kabla msimamizi wa kituo hajaskia kutoka kwako, umemfanya adui mtu ambaye pengine amekuwa akiandika barua za kuomba wauguzi miaka na hajibiwi. Mara nyingi yule sista unayedhani ni kizuizi ndiye mshirika wako mkubwa, tu hawezi kusema kwa sauti juu ni mwajiriwa. Enda kwake kwanza, peke yako ama wawili, umwambie "Sista, hatujakuja kulalamika juu yako, tumekuja kuuliza nini kinakuzuia kufungua usiku". Alafu nyamaza. Atakupatia orodha yote: wauguzi hawatoshi, taa ya nje iliharibika, hakuna askari na mwenzake aliibiwa simu akitoka zamu, friji inazima stima zikipotea.

HATUA YA 3: Pata namba zenu

Hadithi ya mama inafungua moyo, namba ndio inafungua faili. Unahitaji zote mbili.

Kituo kinaweka rejista ya leba, MOH 333 (hapa MOH ni Wizara ya Afya, si yule daktari), yenye kila aliyejifungua, na kila mwezi wanajaza muhtasari unaoingia kwa mfumo wa kitaifa wa takwimu za afya, KHIS. CHP wako na ubao wao wa jamii, MOH 516, unaoonyesha mambo ya kitongoji chao, muulize yule wa kwenu akuonyeshe. Hayo majina ya ndani ya rejista si yako kuona na usiombe, wewe unataka jumla tu.

Wakikuambia hio ni siri ya serikali, kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya habari iliyo mikononi mwa serikali na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inasema ombi linaandikwa kwa Kiingereza ama Kiswahili, hulazimishwi kueleza sababu, hulipii kuomba (unalipia tu gharama ya nakala) na wanafaa kukujibu ndani ya siku 21. Barua yenyewe isiwe ndefu, kitu kama hiki:

"Kwa Afisa Mkuu wa Afya, Kaunti ya Jiji la Nairobi. Sisi wakazi wa wadi ya ____, chini ya kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, tunaomba habari zifuatazo kuhusu kituo cha afya cha ____ kuanzia tarehe 1 Julai mwaka jana hadi leo: idadi ya akina mama waliojifungua kila mwezi, idadi ya waliohamishiwa hospitali nyingine na sababu, idadi ya wauguzi waliopangiwa kituo hicho na walio kazini kwa sasa, pesa ambazo kituo kilikusanya na namna zilivyotumika. Tunaomba majibu kwa maandishi. Hatuombi majina ya wagonjwa."

Weka majina, nambari za vitambulisho na simu za watu wawili. Peleka nakala mbili, moja wabaki nayo, ingine wapige muhuri wa kupokea wenye tarehe alafu urudi nayo na uipige picha hapohapo kabla hujatoka kwa ofisi. Huo muhuri ndio kila kitu. Siku 21 zikiisha na hakuna jibu unaenda na hio nakala kwa ofisi ya Ombudsman, ndiyo inasimamia hio sheria, na malalamishi yako yatakuwa na miguu.

Swali la pesa usiliache nje. Tangu sheria ya 2023 ya kuboresha vituo, ile wanaita FIF, kituo kinaruhusiwa kubaki na pesa kinachokusanya badala ya kuzipeleka zote City Hall. Kwa hivyo taa ya nje na kufuli la geti hazihitaji kungoja bajeti kuu. Kamati ikijua hivyo, na wakazi wakijua kwamba kamati inajua, mambo madogo yanafanyika haraka.

Na mkiwa mnangoja majibu, hesabuni wenyewe. Panga watu wa zamu, mmoja apite kituoni kila usiku baada ya saa tatu aandike tu: tarehe, saa, geti wazi ama limefungwa, nani aliongea naye. Kaunta buku ya kawaida inatosha. Mwezi mzima wa hio kaunta buku hakuna mtu atakuambia "hio ilikuwa siku moja tu".

HATUA YA 4: Jenga timu, na uilinde

Kumi wazuri wanatosha. Tafuta mama waliopitia hio kitu, CHP wawili, mtu wa boda wa stej ya karibu (hawa ndio wanajua usiku wa mtaa kuliko mtu yeyote), mzee wa nyumba kumi, mtu wa kanisa na wa msikiti, na mtu mmoja anayependa makaratasi, huyo mtunze sana. Wanaume muwe nao mapema, hasa vijana wababa, juu baba akisimama kwa baraza la chifu aseme "mimi nilimbeba bibi yangu mpaka geti nikapata imefungwa" wazee wanaskia tofauti. Ningependa isiwe hivyo lakini ndivyo ilivyo, basi itumie.

Kama mnataka kusajili kikundi, sheria ya usajili wa vikundi vya jamii ya 2022 inahitaji watu angalau kumi, mnaenda kwa ofisi ya maendeleo ya jamii ya kaunti ndogo mkiwa na kumbukumbu za kikao, katiba yenu na orodha ya wanachama. Si lazima kusajili ndio uandike barua, raia mmoja anatosha, ila usajili unasaidia mkifika mahali pa kufungua akaunti. Na pesa, hata zikiwa za chai na nauli, ziandikwe na zisomwe kwa kila kikao. Nimeona vikundi vizuri vikivunjika juu ya pesa kidogo sana ambazo mtu hakuandika.

Kitu ya muhimu kuliko zote hapa ni kulinda wale wanaosimulia. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 habari za afya za mtu ni nyeti, kwa hivyo ruhusa ya mama iwe ya maandishi, iseme hadithi yake itatumika wapi, na ajue anaeza kuiondoa hata kesho. Picha ya mtoto mchanga usiweke kwa WhatsApp ya grupu ati ili watu waguswe. Mama aliyepoteza mtoto asilazimishwe kurudia hio habari kwa kila mkutano mpya, mrekodi mara moja akikubali, ama muombe mtu anayemwamini aisome kwa niaba yake. Na usimtoe mtu kwa mkutano wa wakubwa kama ushahidi alafu umwache stej akitafuta nauli ya kurudi Dandora. Panga nauli yake kabla ya kupanga chai ya mheshimiwa.

Kifo cha mama kikitokea mkiwa kwa hii kazi, na kitatokea, hasira ya mtaa itataka kuchoma kituo ama kumfukuza muuguzi aliyekuwa zamu. Hapo ndipo uongozi wako utajulikana. Simama na familia kwanza, mazishi, mtoto aliyebaki, maziwa yake. Alafu juu ya kituo, jua kwamba miongozo ya wizara inasema kifo cha mama kiripotiwe ndani ya masaa 24 na kifanyiwe mapitio ndani ya siku 7, na mapitio hayo hayatafuti wa kulaumu, yanatafuta kilichokosekana: damu ilikuwa kwa friji? ambulensi ilichukua muda gani? nani alikuwa peke yake na akina mama wangapi? Uliza kwa maandishi kama mapitio yalifanywa na mapendekezo yake ni gani. Muuguzi mmoja akifukuzwa na zamu ibaki na mtu mmoja vilevile, mama mwingine atakufa kwa kitanda kilekile na muuguzi mwingine atalaumiwa.

Najua familia nyingine itataka mahakama na ni haki yao, wape njia ya wakili wa msaada. Lakini nyinyi kama kikundi shikilieni kile kilichokosekana.

HATUA YA 5: Piga hesabu kabla yao hawajapiga

Afisa akisema "hakuna pesa" na wewe huna namba, mazungumzo yameisha. Basi kuja nayo. Mfano wetu: leba ya masaa 24, zamu tatu kwa siku, wauguzi wawili kila zamu. Hio ni zamu 42 kwa wiki. Kila muuguzi akifanya tano kwa wiki unahitaji kama tisa, na bado hujahesabu likizo wala mgonjwa. Kama barua ya majibu ilisema kituo kina watano, basi ombi lenu si "leba", ombi lenu ni wauguzi wanne. Sasa afisa ana kitu cha kukubali ama kukataa.

Alafu weka vile vitu vya bei ya chini vinavyookoa maisha, juu mlango wazi bila hivi ni mlango tu. Kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua kunaeza kummaliza mama ndani ya masaa machache. Dawa ya oksitosini inayozuia hio damu inafaa kukaa kwa ubaridi wa digrii 2 hadi 8, kwa hivyo swali la stima na friji ya kituo ni swali la uhai wa mama, liandike hivyo. Kuna pia ule mfuko wa plastiki wenye alama za kupimia unaowekwa chini ya mama ili damu ionekane ni kiasi gani, badala ya kukadiria kwa macho. Utafiti wa E-MOTIVE uliotoka 2023, uliofanywa kwa hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, ulipata kwamba huo mfuko pamoja na matibabu ya haraka yanayotolewa kwa pamoja ulipunguza kwa 60% visa vya damu kuzidi mpaka hatari. Ni mfuko wa plastiki! Uliza kituo chenu kinao. Uliza pia magnesiamu salfeti ya kifafa cha mimba, na kwa mtoto, ile mashine ya kumpa pumzi asipolia na mahali pa mama kumbeba kifuani ngozi kwa ngozi akizaliwa kabla ya wakati.

Mkiambiwa mnaota, wakumbusheni Pumwani, hospitali iliyoanza 1926, ilifungua benki ya maziwa ya mama 2019, ya kwanza Kenya. Ni kaunti hiihii.

HATUA YA 6: Fuata kalenda ya bajeti

Hapa ndipo watu wengi wazuri wanakosa. Wanafika Juni na mabango wakati kitabu kimeshafungwa. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai, lakini mlango wako wa kwanza ni 1 Septemba inayotangulia hio Julai, karibu miezi kumi kabla, siku ambayo kaunti inafaa kupeleka bungeni mpango wa maendeleo wa mwaka. Kitu kisipokuwa hapo ni vigumu sana kukiingiza baadaye, kwa hivyo Julai na Agosti ndio miezi ya kuwa kwa MOH na kwa MCA. Februari, kabla ya tarehe 28, kuna waraka wa mkakati wa fedha unaoamua wizara ya afya ya kaunti itapata kiasi gani kwa jumla. Kufikia 30 Aprili makadirio yenyewe yako bungeni na hapo Mei kamati inaita wananchi watoe maoni. Kufikia 30 Juni imepitishwa.

Ile mikutano ya maoni ya wananchi nendeni, hata kama tangazo lilikuwa dogo kwa gazeti na ukumbi uko mbali. Nendeni wengi lakini aongee mmoja, kwa dakika tatu, alafu mkabidhi karatasi ya ukurasa mmoja yenye ombi, ile hesabu ya wauguzi tisa, na sahihi. Maneno yanayosemwa bila karatasi hayaingii kwa ripoti.

HATUA YA 7: Kikao chenyewe

Watu watatu wanaenda kwa MCA: mama, mwenye namba, na mwenye kuandika. Salamu ziwe za heshima, usimfokee mtu kwa ofisi yake. Mama anaanza, dakika mbili. Mwenye namba anafuata. Kisha ombi, mara moja, alafu mnyamaze hata kimya kikiwa kizito.

Atasema "hio tutaiangalia". Usitoke na hio. Mwambie hivi: "Mheshimiwa, tunashukuru. Tukiandika hapa kwamba utaomba taarifa kutoka kwa kamati ya afya kabla ya tarehe 15 Machi, tutakuwa tumekuelewa sawa?" Akikubali, mwandishi anaandika akiona. Jioni hio hio mtumie ujumbe wa shukrani wenye hio ahadi na tarehe. Tarehe ikipita bila kitu, ujumbe mwingine, kwa adabu ileile. Akitoa ahadi na aitimize, mpongezeni hadharani kwa jina lake, anastahili.

Kitu kimoja tu, hasa tukielekea uchaguzi wa 2027: akitaka kuwanunulia leso ama kufadhili mkutano wenu ukiwa na picha yake, shukuruni mkatae. Kikundi cha mama na mtoto kikishaonekana ni cha mrengo fulani, mpinzani wake akishinda leba yenu imekufa naye.

HATUA YA 8: Wakikataa ama wakinyamaza

Ombi rasmi kwa bunge la kaunti liko kwa sheria, kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, na mnaeza kuliandika kwa Kiswahili. Linapelekwa kwa karani wa bunge, linaeleza shida, linasema mlishajaribu ofisi gani na zikajibu nini (hapa ile mihuri yenu yote inalipa), linasema kama kuna kesi mahakamani ama hakuna, na mwishoni mnachotaka bunge lifanye. Majina, vitambulisho, sahihi.

Redio zinasaidia sana, za mtaani kabla ya zile kubwa. Mkitaka kuandamana kwa amani kifungu cha 37 cha Katiba kinawalinda, mnapeleka notisi kwa OCS, mkuu wa kituo cha polisi, siku tatu hadi 14 kabla, na watoto wadogo wasikuwe kwa huo msafara, hapana.

Mahakama ni mlango wa mwisho lakini upo. Mwaka 2015 Mahakama Kuu iliamua kwamba akina mama wawili waliozuiliwa Pumwani juu ya kushindwa kulipa walivunjiwa haki zao na ikaamuru walipwe fidia. Na kifungu cha 43(2) cha Katiba kinasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura, basi hio namba 43(2) kila mtu wa boda wa stej yenu aijue kichwani, ndiye atakuwa getini saa nane usiku.

Kando na hayo yote, CHP wasaidie kila mjamzito ajisajili SHA kwa *147# mapema, si siku ya uchungu. Tangu SHA ichukue nafasi ya NHIF Oktoba 2024 mtu asiye na ajira rasmi analipa angalau shilingi 300 kwa mwezi na anatakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa pamoja, na kwa mama wa vibarua hio ni pesa nyingi kwa mpigo. Rekodini wangapi wameshindwa. Hilo linaeza kuwa ombi lenu linalofuata.

HATUA YA 9: Wakikubali

Bajeti kupita ni karatasi tu. Msimamizi wa Bajeti anatoa ripoti kila robo mwaka zikionyesha kaunti ilitumia nini kwa nini, na ziko wazi kwa umma, huyo mtu wenu wa makaratasi azisome na alinganishe. Ile kaunta buku ya usiku iendelee, sasa ikiwa na safu mpya: wauguzi wangapi zamu hii, friji inafanya kazi, ile mifuko ya kupimia damu ipo, ambulensi iliitwa saa ngapi na ikafika saa ngapi. Kila mwezi mpelekee msimamizi wa kituo nakala kabla ya kuipeleka kwingine, na kila miezi mitatu muwe na kikao naye na kamati, mambo mazuri yatajwe kwanza na wauguzi wapya watambulishwe kwa mtaa kwa majina.

Na uanze kuandaa mwingine wa kushika nafasi yako mkiwa bado mnapigana, usingoje umechoka. Kila kikao cha MOH enda na mtu mmoja ambaye hajawahi kuenda, mara ya kwanza aandike, mara ya pili asome namba, mara ya tatu yeye ndiye aombe. Namba ya simu ya MOH, ya karani na ya msimamizi wa kituo ziwe kwa simu ya watu wasiopungua wanne, na faili ya barua zenye mihuri ikae kwa nyumba ya mtu asiye wewe, na nakala zake kwa mwingine.